Nuru Kabla ya Jua: Mtakatifu Agostino na Siku Sita za Uumbaji



Wapendwa Taifa la Mungu, kila mwaka katika Mkesha wa Pasaka, Mbiu ya Pasaka ikiisha kuimbwa, masomo huanza na habari ya uumbaji kutoka Kitabu cha Mwanzo. Kijana aliyesoma sayansi husikiliza na kujiuliza: ikiwa jua liliumbwa siku ya nne, nuru ya siku ya kwanza ilitoka wapi? Akiuliza nyumbani, mara nyingi hujibiwa asikufuru. Hapo hunyamaza, na siku moja tunashangaa mbona haonekani tena kanisani.

Juma hili tumtazame kijana mwingine, mwana wa Afrika, ambaye maswali ya namna hiyo yalichangia kumpoteza.

Agostino alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, mji ulioko leo nchini Algeria. Akiwa na umri wa miaka 19 hivi, mwanafunzi huko Karthago, alijiunga na Wamanikei. Hao walifundisha kwamba nuru na giza ni nguvu mbili zinazopigana tangu milele, nao walilidharau Agano la Kale. Walikuwa hodari wa kuuliza. Kama mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, je, Mungu ana nywele na kucha? Kijana huyu msomi hakuwa na jibu, na kwa kukosa jibu akaona imani ya mama yake ni hadithi za wajinga. Alikaa nao karibu miaka tisa. Mtakatifu Monika, kwa uchungu, alikataa kwanza hata kula naye meza moja. Baadaye akampokea, akaendelea kumlilia mbele ya Mungu.

Mwaka 384 Agostino alifika Milano kufundisha ufasaha wa kusema. Huko alimsikia Askofu Ambrosi akihubiri, na kwa mara ya kwanza akatambua kwamba chini ya herufi za Maandiko kuna maana ya kiroho, na kwamba Wakatoliki hawakuamini yale aliyowacheka miaka yote kwa kudhani wanayaamini. Ambrosi mwenyewe alimbatiza katika Mkesha wa Pasaka mwaka 387.

Aliporudi Afrika, miongoni mwa vitabu vyake vya mwanzo, mnamo mwaka 388 na 389, alieleza sura za kwanza za Mwanzo dhidi ya Wamanikei. Alijibu kwamba mfano wa Mungu haumo katika pua wala ndevu, bali katika akili na roho ya mtu. Kisha alizisoma siku sita kama nyakati sita za historia ya wokovu. Siku ya kwanza ni tangu Adamu hadi Nuhu. Siku ya pili, anga limesimama kati ya maji na maji, kama safina ya Nuhu kati ya mvua na gharika. Siku ya tatu, nchi kavu imetengwa na bahari, kama uzao wa Abrahamu ulivyotengwa na mataifa. Siku ya nne jua linang'aa, kama ufalme wa Daudi. Siku ya tano ni uhamisho, Israeli wakiishi kati ya mataifa kama samaki baharini na ndege wasio na kiota. Siku ya sita anaumbwa mtu, na katika wakati wa sita amekuja Kristo, ambaye ndani yake mtu anazaliwa upya. Siku ya saba ni pumziko lisilo na jioni.

Hakuishia hapo. Katika kitabu chake cha Maungamo aliona anga kuwa ni Maandiko Matakatifu yaliyotandazwa juu yetu, nchi kavu kuwa roho zenye kiu ya Mungu, na matunda yake kuwa matendo ya huruma. Tena, kati ya mwaka 401 na 415 hivi, aliandika vitabu 12 vya kufafanua Mwanzo kwa maana ya neno lenyewe. Humo alikiri ugumu wa siku hizo, akasema si lazima ziwe kama siku zetu zinazopimwa kwa jua, na akawaonya Wakristo vikali: mwamini akisema upuuzi juu ya mbingu na nyota kwa kuyasingizia Maandiko, asiyeamini atacheka, na hatayasadiki Maandiko hayo yanapomweleza ufufuko na uzima wa milele.

Je, mfasiri huyo mkuu alikuwa amelegea katika imani? La hasha. Mwaka 1943 Papa Pius XII aliwahimiza wataalamu wachunguze namna za uandishi za watu wa kale. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukalithibitisha jambo hilo mwaka 1965. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha katika namba 337 kwamba Maandiko yaieleza kazi ya Muumba kwa njia ya ishara, kama mfululizo wa siku sita. Ishara si uongo. Kwamba Mungu mmoja ndiye aliyeumba vyote, kwamba vyote ni vyema, kwamba mtu ni mfano wake: hayo ni kweli ambazo hakuna aliye na ruhusa ya kuzipunguza.

Wapendwa wazazi na makatekista, mtoto akikuuliza habari ya nuru kabla ya jua, usimfukuze mezani. Mwambie kwamba Mungu ni chanzo cha nuru, na jua ni mtumishi wake tu. Kama hujui jibu, sema hujui, kisha mtafute pamoja. Agostino hakukombolewa na ukali. Alikombolewa na machozi ya mama na subira ya Askofu aliyejua kusoma.

Mtakatifu Agostino, utuombee. Nawatakia Dominika njema.