Leseni ya Ulinzi Uingereza: Anayetakiwa Kuwa Nayo na Anayesamehewa

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mtu yeyote katika England aliweza kuvaa sare ya ulinzi bila serikali kumuuliza kama amewahi kufungwa. Chama cha makampuni ya ulinzi, BSIA, kilichoanzishwa mwaka 1967, kiliwawekea wanachama wake viwango, lakini kampuni isiyojiunga haikubanwa. Mabaunsa wa vilabu waliandikishwa na halmashauri zilizopenda kufanya hivyo, kila moja kwa utaratibu wake. Aliyekataliwa mji mmoja aliweza kwenda kusimama mlangoni katika mji wa jirani. Ireland Kaskazini ilitangulia: sheria ya 1987 ilizitaka kampuni za ulinzi ziwe na cheti, ili makundi yenye silaha yasitumie jina la ulinzi kuwatoza wafanyabiashara fedha.

Sheria ya Sekta ya Ulinzi Binafsi ya mwaka 2001 ndiyo iliyounda mamlaka ya leseni, SIA, iliyoanza kazi mwaka 2003. Mabaunsa walitangulia kupewa leseni. Walinzi wengine wa England na Wales walifuata Machi 2006, Scotland Novemba 2007 na Ireland Kaskazini Desemba 2009. Mwombaji sharti awe ametimiza miaka 18, apite mafunzo na akaguliwe rekodi ya jinai. Leseni ya mlinzi hudumu miaka 3, naye huivaa ionekane. Kufanya kazi bila leseni ni kosa linaloweza kumfunga mtu miezi 6.

Sheria hiyo ililenga ulinzi unaouzwa kwa mkataba. Kwa hiyo mlinzi wa kampuni aliyepangwa kwenye duka huhitaji leseni, ilhali aliyeajiriwa na mwenye duka hahitaji, hata kama kazi yao ni ileile. Baunsa hana msamaha huo: awe ameajiriwa na nani, lazima awe na leseni, kwa kuwa anayeshika mlango wa klabu ndiye anayeweza kuziachia dawa za kulevya ziingie. Mwaka 2006 wafanyakazi wa viwanja vya michezo vyenye cheti cha usalama walisamehewa, maana viwanja hivyo vilikwisha kuwa na ukaguzi wake. Wapelelezi binafsi waliandikwa katika sheria ya 2001, lakini kifungu chao hakikuanza kutumika.

Mpaka huo unaofuata mkataba badala ya hatari ulipata kuhojiwa kwa uchungu. Tarehe 22 Mei 2017, bomu liliua watu 22 katika ukumbi wa Manchester Arena. Uchunguzi ulioongozwa na Sir John Saunders, katika ripoti yake ya Juni 2021, ulipendekeza mambo mawili: iangaliwe upya kanuni inayowadai leseni waangalizi wa kamera wa mkataba na kuwaacha wale walioajiriwa moja kwa moja, na ifikiriwe kuzitaka kampuni zenyewe ziwe na leseni, si walinzi wao peke yao.