Mazoezi ya Nyumbani, Mwendo wa Mlimani

Mgeni wa Ulaya au Marekani anayejiandaa kupanda Kilimanjaro huanza miezi kadhaa kabla ya safari. Hukimbia, hupanda ngazi na begi zito mgongoni, na mwenye fedha zake hulala ndani ya hema maalumu lililopunguzwa oksijeni. Mpagazi wa Marangu, miteremkoni mwa mlima huo, hana ratiba ya mazoezi. Kazi yake inatosha: mzigo wa kilo 20 kichwani au shingoni, vitu vyake mgongoni, na mwendo wa haraka ili mgeni akifika kambini akute hema limesimama na chai i tayari.

Wengi huona hapo sayansi upande mmoja na mazoea upande wa pili. Sikubaliani nao. Mwaka 1953, Waingereza walipokwenda Everest, walikuwa na mwanafiziolojia Griffith Pugh. Yeye hakuhangaika na misuli. Alichodai ni wiki kadhaa za kuzoea hewa ya juu kabla ya kupanda kwenyewe, maji mengi kila siku, na oksijeni ya kutosha. Mei 29 Hillary na Tenzing Norgay wakafika kileleni. Ushauri wa Pugh wa kuuzoea mlima haupishani na wa mwongozaji wa Kilimanjaro anayemshika mgeni bega na kumwambia, "Pole pole, kaka."

Kwenye kilele cha Kilimanjaro, Uhuru, mita 5,895, kanieneo ya hewa ni takribani nusu ya ile ya pwani. Mwili hujirekebisha kwa kupumua zaidi, figo zikibadilisha kemia ya damu, na kazi hiyo huchukua siku. Mbio za marathoni haziifupishi. Tena kijana mwenye mapafu ya mwanariadha ndiye wa kuchungwa, kwa kuwa miguu yake inamruhusu kwenda haraka kuliko damu yake.

Wasafiri wa Himalaya huzingatia kanuni hii: ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kila usiku kwenye mahali unapolala. Ndiyo maana wengi hulala kwenye mji mdogo wa Namche, mita 3,440, siku mbili. Washerpa, wenyeji wa huko, wamerithi miili iliyozoea mwinuko kwa maelfu ya miaka. Wachagga wa Kilimanjaro huishi chini zaidi, miteremkoni, na mpagazi wao naye huumwa kichwa na kutapika.

Hapo ndipo ratiba ya siku tano ya njia ya Marangu inaponishangaza. Kutoka kambi ya Horombo, mita 3,720, mtu hupanda hadi kambi ya Kibo, mita 4,720, kwa siku moja, na usiku huohuo huamshwa kwenda kileleni. Hatua ni za pole pole, kalenda inakimbia!

Mazoezi ya nyumbani yana faida yake, hasa wakati wa kushuka. Kutoka Uhuru hadi Horombo ni mita 2,175 za mteremko kwa siku moja, baada ya usiku usio na usingizi, na magoti yasiyozoeshwa hulia. Basi fanya mazoezi ya kushuka ngazi, si ya kupanda tu. Lakini kama fedha ni za kuchagua, acha hema la oksijeni pungufu na lipia siku ya ziada Horombo: panda hadi kwenye miamba ya Zebra Rocks, kisha rudi ulale palepale.