Makafi Katika Ziwa la Kabaka: Tunafufua Historia Ipi?

Ziwa la Kabaka, lililo kati ya Mengo na Ndeeba jijini Kampala, halikuumbwa na mito wala mvua. Lilichimbwa kwa mikono ya watu, kwa amri ya Kabaka Mwanga II, kati ya mwaka 1885 na 1888. Tangu ufalme wa Buganda uliporejeshwa mwaka 1993, mashindano ya mitumbwi baina ya koo yamefufuliwa, na ziwa hili ni miongoni mwa mahali yanapofanyika. Insha hii inauliza: tunapoufufua mchezo huu hapa, ni historia ipi tunayoifufua?

Kabla ya kuwa mchezo, mtumbwi ulikuwa silaha ya dola. Msimamizi wa mitumbwi ya Kabaka alikuwa Gabunga, mkuu wa ukoo wa Mmamba. (Mmamba wa Kiganda ni samaki, yaani kamongo, si mamba wa Kiswahili.) Mafundi na wapiga makafi wengi walitoka visiwa vya Ssese. Mbao za mitumbwi hiyo hazikupigwa misumari, bali zilishonwa kwa nyuzi za mimea, kama mitepe ya Lamu ilivyoshonwa kwa kamba za nazi. Mwaka 1875, Henry Morton Stanley aliwashuhudia Waganda wa Kabaka Mutesa I wakiwapiga vita Wavuma, na alihesabu mitumbwi 230 upande wa Mutesa.

Mwanga, mwana wa Mutesa, alipenda mno maji. Inasimuliwa kwamba alikusudia kuunganisha ziwa lake na Nalubaale (Ziwa Viktoria) kwa mfereji wa kwenda Munyonyo, lakini mfereji huo haukukamilika. Kazi ya kuchimba ilikuwa ya shuruti. Hata machifu wakubwa walilazimishwa kufika na watu wao, na waliochelewa walitozwa faini. Jambo hilo liliwaudhi wenye vyeo, ambao hawakuzoea kushika tope mbele ya watwana wao.

Chuki hiyo haikuwa sababu pekee ya kuanguka kwa Mwanga. Mivutano ya dini, na mauaji ya Wakristo ya mwaka 1886, yalikuwa yamekwisha kuitikisa ikulu. Hata hivyo, mitumbwi ndiyo iliyoamua. Mnamo Septemba 1888, Mwanga alipanga kuwapeleka wafuasi wa dini mpya kisiwani na kuwaacha wafe njaa. Walipofika ufukweni walikataa kupanda. Mfalme ambaye amri yake haikuweza tena kumpandisha mtu mtumbwini hakuwa mfalme tena. Alipinduliwa, akakimbilia kusini mwa ziwa kwa mtumbwi. Mwaka uliofuata alirudi kwa njia hiyohiyo ya maji, akakaa kwanza katika kisiwa cha Bulingugwe.

Baadaye nguvu ya mitumbwi ilififia. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na meli zikachukua mizigo. Ugonjwa wa malale uliua watu wengi mno pwani na visiwani, na serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wa Ssese. Mwaka 1967 falme zenyewe zilifutwa. Kwa hiyo, kinachoshindaniwa leo ni mabaki ya ufundi uliokaribia kupotea, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuufufua.

Wapo wanaosema kwamba sherehe si mahali pa kukumbusha machungu. Naelewa hoja yao: ufalme uliowahi kufutwa unahitaji siku za furaha. Lakini ukilitaja ziwa hili kwa jina la Kabaka tu, umewanyima sehemu yao wale waliolichimba, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Wala si wageni kwetu, maana ni mababu wa koo hizohizo zinazoshindana.

Pendekezo langu ni dogo. Kabla ya mbio kuanza, wachimbaji watajwe, hata bila majina. Na maji waliyotuachia yalindwe dhidi ya taka za mitaa inayoyazunguka, maana mitumbwi haiendi juu ya takataka. Tukifanya hivyo, mchezo hautapungua utamu, na wanaopiga makafi watajua kina cha maji wanayopita juu yake.