Maua ya Majira ya Baridi

Katika Uingereza bustani nyingi hulala tangu Desemba hata Februari. Siku huwa fupi, jua hupita chini chini kama mzee mchovu, na jalidi huufanya udongo kuwa mgumu mfano wa jiwe. Mpenda maua wa zamani alikuwa na njia mbili: kungoja masika, au kutafuta mimea isiyoiona baridi kuwa adui. Historia ya kutafuta huko imejaa makosa, na kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kuuhukumu mmea kabla ya kuuliza kwao ni wapi.

Mnamo mwaka 1739 mkabaila mmoja, Lord Petre, alikuwa na kamelia huko Thorndon Hall, katika jimbo la Essex. Mmea ule asili yake ni Mashariki ya Mbali, na watu wa zama zile walidhani kuwa kila kitokacho huko hutaka joto. Inasimuliwa kwamba uliwekwa katika nyumba ya kioo yenye moto mwingi, ukafa. Haukuuawa na baridi ya Uingereza. Uliuawa na huruma isiyo na maarifa. Leo kamelia huchanua nje, penye kivuli chepesi, na jalidi ya kadiri haizidhuru.

Baada ya mkataba wa Nanking wa mwaka 1842 bandari kadha za China zilifunguliwa, na mwaka uliofuata Robert Fortune alitumwa huko na Chama cha Bustani cha London. Alisafirisha mimea katika masanduku ya kioo yaliyobuniwa na Dakta Nathaniel Ward, ambamo miche ilihifadhika na chumvi ya bahari. Mwaka 1844 alipeleka mwasumini wa baridi, ambao maua yake ya manjano hutoka juu ya vijiti vitupu. Asumini hii haina harufu ya kuvikwa kichwani kama ile ya pwani yetu. Sifa yake ni kuchanua wakati ambapo vingine vyote vimenyamaza. Yafaa ikumbukwe kuwa mimea mingi ya Fortune ilitoka katika vitalu vya Wachina, waliokwisha kuichagua na kuitunza kwa vizazi vingi. Jina la msafiri lilibaki vitabuni; majina ya watunzaji wale hayakuandikwa.

Hata mmea uliokwisha kufika uliweza kupotea machoni pa watu. Mwaka 1879 Charles Maries, aliyekuwa akiitumikia nyumba ya wauza miche ya Veitch, alipeleka kutoka China mti mdogo uitwao Hamamelis mollis. Ulikaa katika kitalu cha Coombe Wood karibu miaka 20 bila ya kujulikana thamani yake, mpaka George Nicholson wa bustani ya Kew alipoutambua. Maua yake yana harufu nzuri, na petali zake, nyembamba kama nyuzi, hujikunja jalidi ikizidi, kisha hujikunjua hewa ipatapo joto. Basi hazina ilikuwa mlangoni, na wenye nyumba wakipita.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilipanda bustani maalumu ya majira ya baridi. Humo vichaka vya Cornus vyenye matawi mekundu na ya manjano viliwekwa mahali ambapo jua la chini huviangaza mfano wa ndimi za moto. Hukatwa karibu na ardhi masika yanapoanza, kwa kuwa matawi machanga ndiyo yenye rangi kali.

Achaguaye mimea ya baridi, basi, huuliza mambo matatu: asili ya mmea, mahali pa kuupanda, na sifa ibakiayo majani yakianguka. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni haponyi nyumba ambayo mwenyeji wake hakumwuliza atokako.