Kiwanja au Nyumba: Sera ya Makazi Mjini Bujumbura tangu Enzi ya Usumbura

Uhaba wa nyumba ndio unaotajwa kwanza kila sera ya makazi ya Bujumbura inapojadiliwa. Uhaba upo, lakini hautoshi kueleza jinsi mji ulivyokua. Tangu ukoloni watawala walikuwa na njia mbili: kupima viwanja na kuwaachia wakazi wajenge wenyewe, au kujenga nyumba kamili kwa ajili ya wenye mshahara. Njia ya pili ndiyo iliyopata heshima na fedha. Ya kwanza ndiyo iliyopokea watu.

Buyenzi ni ushahidi wa njia ya kwanza. Usumbura ilianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na kando yake wakajikusanya askari, wapagazi na wafanyabiashara wa Kiswahili, wengi wao wakiwa na uhusiano na Ujiji na Manyema. Wabelgiji, walioutwaa mji mwaka 1916, waliupanga kwa rangi: Wazungu Rohero, Waasia mtaa wao, Waafrika mitaa yao. Waswahili wakawa na Buyenzi, yenye barabara zilizonyooka na kukatana. Ubaguzi wa mpango huo hauhitaji utetezi. Hata hivyo, ndani ya viwanja vilivyopimwa mwenye nyumba aliweza kuanza na udongo, kuhamia matofali alipojaliwa, na kuongeza vyumba vya uani vya kupangisha. Mgeni asiye na mshahara alipata pa kulala bila serikali kumjengea.

Mwaka 1952 Ubelgiji iliunda Ofisi ya Miji ya Waafrika, OCAF, iliyojenga katika miji mikubwa ya Kongo na Usumbura pia. Ng'ambo ya mto Ntahangwa ikazaliwa Ngagara, ambayo sehemu yake wakazi wangali wanaiita OCAF. Nyumba zilikuwa imara na mtaa ulikuwa na mpangilio. Lakini nyumba inayolipiwa mwezi hadi mwezi humtaka mlipaji mwenye kipato cha mwezi, yaani karani au fundi aliyeajiriwa. Kibarua wa bandarini alibaki nje ya hesabu hiyo.

Baada ya uhuru wa 1962 taasisi zilibadilika majina kuliko mantiki. Mfuko wa kuendeleza makazi ya mjini, FPHU, ulioanza mwaka 1989, ulikopesha. ECOSAT ilipima na kuandaa viwanja, hatua iliyokaribia zaidi urithi wa Buyenzi. Ila mkopo wa nyumba uliendelea kudai dhamana na mshahara, katika mji ambao wengi huishi kwa biashara ndogo na kazi za siku.

Kisha vita. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, tarehe 21 Oktoba 1993, mitaa iligawanyika kikabila. Machi 1995 mashambulizi yalifika Bwiza na Buyenzi, zilizokuwa bado na mchanganyiko. Katikati ya mwaka huo Kamenge ikaachwa tupu, na mabati, milango na madirisha yakang'olewa. Kwa mtafiti wa makazi, hapo ndipo suala la nani anamiliki nini lilipoacha kuwa la kiofisi. Makubaliano ya Arusha ya mwaka 2000 yaligusa urejeshaji wa ardhi na mali, na tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine iliundwa mwaka 2006.

Sensa ya 2008 ilihesabu wakazi 497,166 mjini. Wengi wa waliokuja baadaye walijenga kaskazini na kwenye vilima, mara nyingi kwa hati za mkono zilizoandikwa mbele ya mashahidi. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014 mafuriko yaliyoshuka Gatunguru yaliua zaidi ya watu 60. Kuita hali hiyo ukaidi wa wakazi ni kusahau kwamba kiwanja kilichopimwa mahali salama hakikuwahi kuwafikia.

Mwaka 2019 sheria iliipa Gitega hadhi ya makao makuu ya kisiasa. Wizara huweza kuhama. Bandari haihami, wala soko linaloitegemea. Wanaofuata kazi hizo bado hutafuta pa kujenga kandokando ya Ntahangwa, ambako kila masika kingo humegeka na kuta za nyumba hufuata.