Madaraja ya Majeraha ya Moto

Neno daraja lina kazi nyingi katika lugha yetu. Ni kivuko cha juu ya mto, ni kipandio cha ngazi, tena ni cheo. Abiria wa daraja la kwanza hukaa mahali pazuri kuliko wenzake, na mwanafunzi aliyepata daraja la kwanza hupongezwa na jamaa zake. Kwa mazoea hayo, masikio yetu yamejifunza kwamba la kwanza ndilo kubwa. Lakini aliyeungua kwa daraja la kwanza ndiye mwenye bahati, kwa kuwa jeraha lake ni jepesi kuliko yote. Asiyeijua tofauti hii aweza kulia pasipo msiba, au akatulia penye hatari. Yafaa basi tuitazame asili ya hesabu hii.

Wilhelm Fabry, daktari mpasuaji wa Kijerumani, alizaliwa katika mji wa Hilden mwaka 1560. Mwaka 1607 kitabu chake juu ya kuungua kilipigwa chapa mjini Basel, nacho kiliyagawa majeraha ya moto katika madaraja matatu. La kwanza lilikuwa la wekundu na malengelenge; la pili, la ngozi kunyauka; la tatu, la mwili kuwa kama mkaa. Zaidi ya miaka 200 baadaye, katika miaka ya 1830, Guillaume Dupuytren, mpasuaji wa hospitali ya Hôtel-Dieu mjini Paris, aliyafanya sita. Yeye alifuata kina: alianza na wekundu, akaja kwenye malengelenge, akapita ngozi na nyama, hata akafika mfupani. Tazama jinsi malengelenge yalivyohama: kwa Fabry yamo katika daraja la kwanza, kwa Dupuytren yamo katika la pili, na ndivyo yahesabiwavyo hata leo. Namba ni ile ile, jambo ni jingine.

Wanasheria walishika njia yao. Mwaka 1794 jimbo la Pennsylvania, Marekani, lililigawa kosa la kuua kwa kusudi katika madaraja mawili, na la kwanza likawa ndilo baya zaidi, ambalo adhabu yake ilikuwa kifo. Daktari huhesabu kutoka dogo kwenda kubwa; jaji huhesabu kutoka kubwa kwenda dogo. Hapana aliyekosa kati yao, maadamu msikilizaji ameambiwa hesabu inaanzia wapi.

Lipo jambo zito kuliko hilo. Mtu angedhani kwamba maumivu huzidi kadiri daraja linavyopanda. Sivyo. Jeraha la daraja la pili huuma sana, maana mishipa ya fahamu iliyomo ngozini ingali hai. Katika daraja la tatu mishipa hiyo imeungua pamoja na ngozi. Mahali pale huwa peupe au peusi, pakavu, na pengine hapana maumivu kabisa. Wawili wakiletwa pamoja, mmoja akilia na mwingine amenyamaza, yamkini aliyenyamaza ndiye wa kutazamwa kwanza. Kilio si kipimo. Kipimo cha kina humsemea asiyelia.

Hata kina peke yake hakitoshi. Mwaka 1951 Alexander Wallace, daktari wa Edinburgh, alitangaza kanuni ya tisa: katika kila sehemu 100 za ngozi ya mtu mzima, kichwa na shingo ni 9, kila mkono 9, kila mguu 18, upande wa mbele wa kiwiliwili 18, wa nyuma 18, na sehemu za siri 1. Kwa mtoto mdogo kanuni hiyo hupotosha, kwani kichwa chake ni kikubwa kwa kiasi cha mwili wake.

Siku hizi madaktari wengi huiacha namba, wakasema wazi kama moto umechoma ngozi ya juu tu, sehemu ya unene wake, au unene wote. Naona wamefanya vema, nasi tunaofasiri vitabu vya afya kwa Kiswahili yatupasa kuwafuata. Tusitosheke na kuandika daraja la tatu. Tuongeze kwamba ngozi yote imeungua. Mama aliyeketi mlangoni mwa wodi akingoja habari za mwanawe hatakuwa na haja ya kuhesabu. Ataelewa.