Hans na Margret Rey: Kutoka Matangazo Hadi Vitabu vya Watoto

Mnamo mwaka 1935, katika mji wa Rio de Janeiro, Mayahudi wawili wazaliwa wa Hamburg, yaani Hans Augusto Rey, ambaye hapo kabla aliuza mahodhi ya kuogea katika nchi za mto Amazon, na Margret, aliyesoma sanaa katika chuo cha Bauhaus, walishirikiana kufungua ofisi ya matangazo ya biashara, na mwaka huo huo wakaoana. Katika kazi hiyo, isiyomruhusu mtu kusema maneno kumi penye haja ya mawili, naona ndipo walipopata adabu ya kuitanguliza picha na kuyafuatisha maneno.

Walipohamia Paris ushirika ule ukageukia vitabu. Mwaka 1939 kikatoka kisa cha twiga na tumbili tisa, na mmoja wa tumbili hao, mdadisi kuliko wenziwe, akastahiki kitabu chake mwenyewe. Juni 1940, majeshi ya Hitler yalipoukaribia mji, Hans aliunga baiskeli mbili kwa vyuma vya akiba, nao wakakimbia, miswada yao wameichukua, wakapitia Hispania, Ureno na Brazili hata wakawasili New York, ambako kitabu cha tumbili huyo mdadisi, Curious George, kilipigwa chapa mwaka 1941.

Jaladani liliandikwa jina la Hans peke yake, jambo ambalo halikuwa haki hata kidogo, kwa kuwa masimulizi yale ni ya Margret kama picha zilivyo za mumewe.